Akeley, wapiga mikuki wa Kinandi na kamera iliyochochewa na nyanda za Uasin Gishu

Na MWANDISHI WETU

ELDORET

MSAFIRI anayeondoka Eldoret kuelekea Iten hukiona kilima cha Sergoit kikiwa kimejitenga katikati ya mashamba ya ngano na mahindi. Ni wachache miongoni mwa wapitao hapo wanaofahamu kwamba nyanda zinazokizunguka kilima hicho zina nafasi ya pekee katika historia ya filamu duniani. Hapa ndipo, zaidi ya karne moja iliyopita, Mmarekani Carl Akeley alipojaribu kuwanasa kwa kamera wapiganaji wa Kinandi wakimkabili simba kwa mikuki, akashindwa, na kutokana na kushindwa huko akabuni kamera iliyobadilisha namna filamu bubu zilivyopigwa.

Makala haya yanaeleza Akeley alikuwa nani, kilichotukia katika uwanda wa Uasin Gishu, jinsi kamera yake ilivyofanya kazi, na urithi wa kisanaa uliobaki. Aidha yanachunguza swali ambalo halijapata jibu hadi leo: watu walioonyeshwa katika picha hizo walipata nini, na vizazi vyao vinaweza kuziona wapi?

Uwanda kabla ya mji

Wakati Akeley alipofika, mji wa Eldoret haukuwepo. Jina Uasin Gishu latokana na kundi la Wamaasai waliolisha mifugo yao katika nyanda hizo kabla ya kutawanywa na vita vya karne ya 19. Baadaye Wanandi walipatumia kama malisho na mahali pa kuwinda.

Wanandi walipinga utawala wa Waingereza kwa takriban miaka kumi, kuanzia 1895. Upinzani huo ulivunjwa baada ya kiongozi wao, Orkoiyot Koitalel arap Samoei, kuuawa kwa hila na Richard Meinertzhagen mnamo Oktoba 19, 1905, katika mkutano uliodaiwa kuwa wa amani. Baada ya hapo Wanandi walifungiwa katika eneo maalumu walilotengewa na serikali ya kikoloni, na nyanda za kaskazini zikafunguliwa kwa walowezi.

Mwaka wa 1908, kundi la Makaburu kutoka Afrika Kusini, likiongozwa na Jansen van Rensburg, lilipanda kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe kutoka Nakuru hadi Uasin Gishu. Makazi yaliyochipuka yaliitwa "64" kwa kuwa yalijengwa juu ya shamba lililopewa nambari hiyo. Posta ilifunguliwa mwaka wa 1910, na mwaka wa 1912 mahali hapo pakapewa rasmi jina la Eldoret. Reli ilifika mwaka wa 1924.

Ni muhimu kukumbuka mfuatano huo. Wazungu walipokuja na kamera kutafuta picha za "shujaa wa Kinandi na mkuki wake," ilikuwa imepita miaka minne au mitano tu tangu mashujaa hao washindwe kwa bunduki na kunyang'anywa ardhi.

Akeley alikuwa nani?

Carl Ethan Akeley alizaliwa Mei 19, 1864, katika kijiji cha Clarendon, jimbo la New York. Kazi iliyompa umaarufu ilikuwa ufundi wa kukausha ngozi za wanyama waliokufa na kuwaumba upya ili waonekane kana kwamba wako hai. Kabla yake, mafundi wengi waliijaza ngozi majani makavu na vipande vya mbao, na mnyama akatoka akiwa amevimba kama gunia. Akeley kwanza alichonga umbo kamili la mnyama, misuli na mishipa, kisha akalivika ngozi. Alimweka mnyama huyo katika mandhari yaliyoiga makazi yake halisi, pamoja na mimea na mchoro wa upeo wa mbali.

Alifanya kazi katika makavazi ya Milwaukee, kisha Field Museum jijini Chicago, na hatimaye Makavazi ya Historia ya Viumbe ya Marekani jijini New York. Alikuwa pia mvumbuzi wa vifaa. Mwaka wa 1907 alibuni mtambo wa kurusha saruji kwa nguvu ya hewa, ambao mfano wake hutumika hadi leo katika ujenzi wa mahandaki na kuta za kuzuia maporomoko.

Safari zake za Afrika zilikuwa tano. Alifika Somalia mwaka wa 1896, akaja Afrika Mashariki ya Kiingereza, yaani Kenya ya leo, mwaka wa 1905, akarudi kati ya 1909 na 1911, akaenda Kongo mwaka wa 1921, na safari ya mwisho ilikuwa ya 1926. Ile ya 1909 hadi 1911 ndiyo inayohusu makala haya. Katika safari hiyo alifuatana na mkewe Delia, naye mwenyewe alikuwa mwindaji hodari. Alikuwa pia na msaidizi wake Mkikuyu, Wimbia Gikungu, ambaye wageni walimwita "Bill."

Mwaka wa 1910, alipokuwa akifuatilia tembo katika miteremko ya Mlima Kenya, Akeley alishambuliwa na kupondwa na tembo dume nusura afe. Alipopata nafuu hakurejea kwao, bali aliendelea na kazi iliyomleta.

Roosevelt na simba wa Sergoit

Mnamo Novemba 1909, aliyekuwa Rais wa Marekani, Theodore Roosevelt, alifika katika uwanda wa Uasin Gishu wakati wa safari yake ndefu ya uwindaji. Alikutana na Akeley karibu na mto Nzoia, na yeye pamoja na mwanawe Kermit wakamsaidia kupata tembo wa kuonyeshwa katika makavazi ya New York.

Baadaye Roosevelt alikwenda Sergoit, ambako wapiganaji wa Kinandi walialikwa kumwonyesha namna walivyomwinda simba bila bunduki. Aliieleza siku hiyo kwa kirefu katika kitabu chake cha safari, African Game Trails, kilichotoka mwaka wa 1910.

Kwa maelezo yake, wapanda farasi walimfukuza simba dume hadi akachoka na kusimama. Wanandi wakafika mbio na kumzingira, kila mmoja akichutama nyuma ya ngao yake. Duara ikaendelea kukazwa. Simba alizunguka akitafuta upenyo, kisha akaurukia upande mmoja. Aliyeelekewa hakukimbia. Alirusha mkuki, na wenzake wa kushoto na kulia wakarusha yao, na katika sekunde chache simba alikuwa amelala. Wapiganaji wawili walijeruhiwa.

Sekunde hizo chache ndizo zilizokuwa kitendawili cha mpiga picha. Roosevelt aliweza kuzisimulia kwa kalamu. Je, kamera ya wakati ule ingeweza kuziona?

Filamu bubu na simba wa uongo

Ili kuelewa hamu ya Akeley, yafaa tuangalie hali ya sinema wakati huo. Filamu zote zilikuwa bubu, yaani hazikuwa na sauti iliyonaswa pamoja na picha. Maelezo yaliandikwa kwenye vibao vilivyoonyeshwa katikati ya matukio, na katika majumba ya sinema mpiga piano aliandamanisha picha na muziki. Filamu yenye mazungumzo iliyovuma duniani, The Jazz Singer, ilitokea mwaka wa 1927.

Watazamaji wa Ulaya na Marekani walikuwa na kiu kubwa ya picha za Afrika, na wafanyabiashara walijua hivyo. Mwaka wa 1909, hata kabla Roosevelt hajaenda mbali katika safari yake, William Selig wa Chicago alitengeneza filamu iliyoitwa Hunting Big Game in Africa. Haikupigwa Afrika. Alitumia mwigizaji aliyefanana na Roosevelt, akawavika Wamarekani weusi mavazi ya wachukuzi, na simba mzee aliyenunuliwa akauawa ndani ya studio. Watu walimiminika kuitazama.

Mwingereza Cherry Kearton, aliyekuwa mpiga picha za ndege na wanyama, alikuja Kenya na kumpiga Roosevelt filamu halisi, ambayo ilionyeshwa mwaka wa 1910 kwa jina la Roosevelt in Africa. Hiyo ilikuwa ya kweli, lakini wengi waliiona kuwa baridi wakiilinganisha na ile ya uongo. Mwaka wa 1912 ilifuata filamu ya safari ya tajiri Paul Rainey, aliyewinda simba nchini Kenya kwa kutumia mbwa, na hiyo ilivuta umati mkubwa majumbani mwa sinema.

Kwa hiyo sinema ya wanyama ilizaliwa ikiwa na mgogoro baina ya ukweli na biashara. Akeley aliutazama mgogoro huo kwa jicho la fundi. Aliona kwamba mpiga picha hushawishika kubuni uongo endapo chombo chake hakiwezi kuunasa ukweli.

Kamera iliyoshindwa

Akeley alikodi wapiga mikuki wa Kinandi na kuandamana nao katika uwanda wa Uasin Gishu akiwa na kamera ya filamu. Simba waliuawa kwa mikuki mbele yake mara kadhaa. Hata hivyo, picha alizozitaka hakuzipata.

Sababu zilikuwa za kiufundi. Kamera ya wakati ule ilikuwa sanduku zito lililowekwa juu ya miguu mitatu. Mpiga picha alizungusha mkono mmoja wa chuma ili kuuendesha ukanda wa filamu, kwa mwendo wa takriban picha 16 kwa sekunde. Alipotaka kuigeuza kamera kushoto au kulia, alizungusha mkono mwingine. Alipotaka kuiinua au kuiinamisha, kulikuwa na mkono wa tatu. Binadamu ana mikono miwili. Simba anayerukia duara la watu hangojei mpiga picha atafute mkono wa tatu.

Tatizo la pili lilikuwa shabaha. Haikuwa rahisi kuona kile hasa ambacho lenzi ilikiona wakati filamu ilipokuwa ikizunguka, wala kurekebisha umbali upesi ili picha isififie. La tatu lilikuwa mwanga. Mlango wa kupitisha mwanga ulifungwa kwa sehemu kubwa ya kila mzunguko, hivyo alfajiri, jioni na chini ya miti, picha zilitoka zikiwa giza.

Hebu tupige hesabu. Tukio la sekunde 10, kwa mwendo wa picha 16 kila sekunde, ni picha 160, ambazo hujaza takriban mita 3 tu za ukanda. Ujasiri wote wa wapiganaji wale ungeweza kutoshea katika kipande kifupi kuliko kitenge. Kukikosa kipande hicho ni kukosa kila kitu, kwa kuwa huwezi kumwambia simba arudie.

Akeley aliondoka Afrika mwaka wa 1911 akiwa na azimio la kutengeneza kamera ambayo mtu angeweza kuielekeza kwa wepesi kama anavyoelekeza bunduki.

Kamera mpya

Ilimchukua miaka kadhaa. Mwaka wa 1915 alipata hataza ya kamera yake, na kampuni ya Akeley Camera ikaanza kuiuza kutoka New York. Haikuwa na umbo la sanduku kama nyingine. Ilikuwa ya mviringo na bapa, na wapiga picha wakaibandika jina la utani la "chapati."

Mambo manne yaliitofautisha na nyingine.

Kwanza, mwendo. Mkono mmoja tu uliigeuza kamera pande zote, juu, chini, kushoto na kulia, kwa pamoja. Ndani ya kichwa cha miguu mitatu kulikuwa na magurudumu mazito yaliyozunguka na kuuzuia mwendo usiwe wa kushtuka. Picha ikateleza kwa utulivu hata pale mnyama alipobadilisha mwelekeo ghafla.

Pili, jicho. Kulikuwa na lenzi mbili pacha, moja ya kupigia picha na nyingine ya kutazamia, zilizorekebishwa kwa pamoja. Mpiga picha aliona sawasawa na kamera. Kitundu cha kutazamia kilibaki mahali pake hata kamera ilipoinuliwa kuelekea angani, hivyo hakuhitaji kupinda shingo au kupiga magoti.

Tatu, mwanga. Mlango wa kupitisha mwanga uliundwa ubaki wazi kwa sehemu kubwa zaidi ya kila mzunguko, na hivyo kamera iliweza kufanya kazi mahali ambapo nyingine zilishindwa.

Nne, wepesi. Kasha la filamu lilibadilishwa kwa muda mfupi sana, na kamera nzima iliweza kubebwa na kusimamishwa upesi.

Ilivyoenea duniani

Marekani ilipoingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka wa 1917, jeshi lake lilizitwaa kamera hizo kwa ajili ya wapiga picha wake wa vitani. Baada ya vita, zikawa chombo kipendwa cha wapiga filamu za habari, za michezo na za wanyama.

Robert Flaherty alizichukua kamera za Akeley hadi barafuni kaskazini mwa Kanada na kupiga Nanook of the North, iliyotoka mwaka wa 1922, filamu ambayo wengi huitaja kama chanzo cha makala marefu ya sinema. Mwaka huohuo, msanii Paul Strand wa New York alinunua kamera ya Akeley. Aliipenda mno hata akazipiga picha sehemu zake za ndani, na picha hizo leo huhesabiwa miongoni mwa kazi bora za upigaji picha wa kisasa. Strand ndiye aliyekwenda baadaye Mexico na kupiga filamu ya wavuvi wa Alvarado, Redes, iliyoonyeshwa mwaka wa 1936.

Katika Hollywood, wapiga picha waliobobea katika kamera hiyo walikuwa na cheo chao, na jina Akeley lilitumika kutaja aina ya picha inayokifuata kitu kinachokwenda kasi kwa lenzi ndefu. Vita vya ndege angani katika filamu Wings ya mwaka wa 1927, iliyoshinda Tuzo ya kwanza kabisa ya Academy kwa filamu bora, ni mfano mashuhuri wa kazi ya namna hiyo.

Kila mara tunapotazama leo mwanariadha akifuatwa na kamera bila picha kuyumba, tunaona wazo ambalo Akeley alilipata alipokuwa akijaribu kumfuata simba na wapiga mikuki karibu na Eldoret ya sasa.

Mikuki katika shaba

Akeley alipoona kuwa kamera imeshindwa, alitumia pia mikono yake. Alichonga na kusubu kwa shaba sanamu kadhaa za Wanandi wakipigana na simba, kuanzia wanapomkabili hadi wanaposimama juu yake akiwa amekufa. Sanamu hizo ziko katika makavazi ya New York na ya Chicago.

Ni kazi zenye nguvu. Miili ya wapiganaji imenyooka, shingo zimekazwa, na ngao zimeinuliwa kwa pembe ambayo ni mtu aliyeziona kwa macho yake tu angeiweza. Ndiyo picha ya Wanandi iliyoonwa na mamilioni ya wageni wa makavazi hayo ambao hawajawahi kukanyaga Bonde la Ufa.

Serengeti na filamu ya Simba

Mwaka wa 1926 Akeley alirudi Afrika Mashariki akiwa na kamera yake. Alishirikiana na Martin na Osa Johnson, mume na mke waliokuwa mashuhuri kwa filamu za safari. Wapiga mikuki kutoka jamii za Kalenjin walipelekwa hadi nyanda za Tanganyika, na safari hii uwindaji ukanaswa ipasavyo.

Mwaka wa 1928 akina Johnson walitoa filamu yao ndefu bubu, Simba, na kilele chake ni tukio la kumpiga simba mikuki. Maandishi ya filamu yanawaita wapiganaji hao "Lumbwa," jina ambalo wakoloni waliwapa hasa Wakipsigis na ambalo wenyewe hawakulipenda. Matukio ya filamu yaliunganishwa ili yaonekane kama hadithi moja, ingawa yalipigwa mahali na nyakati tofauti. Ule mgogoro wa ukweli na biashara haukuwa umekwisha.

Gorila na mauti

Akeley hakuiona filamu hiyo. Mwaka wa 1921 alikuwa amekwenda katika milima ya Virunga, Kongo, na kuwapiga gorila wa mlimani filamu ya kwanza wakiwa porini. Alikwenda kuwaua kwa ajili ya makavazi, na kweli aliwaua kadhaa, lakini alirudi akiwa mtetezi wao. Alimshawishi Mfalme Albert wa Ubelgiji, na mwaka wa 1925 ikaanzishwa Mbuga ya Albert, ambayo leo ni Mbuga ya Kitaifa ya Virunga.

Aliporejea mlimani humo mwaka wa 1926, aliugua na kufariki Novemba 17. Alizikwa Kabara, chini ya Mlima Mikeno. Ni hapo Kabara ambapo Dian Fossey alianzia utafiti wake wa gorila mwaka wa 1967. Ukumbi wa Akeley wa wanyama wa Afrika, wenye maonyesho 28 yakiwazunguka tembo wanane, ulifunguliwa New York mwaka wa 1936, miaka kumi baada ya kifo chake.

Sifa na lawama

Urithi wa Akeley una pande mbili, na msomaji mwadilifu hana budi kuzitazama zote.

Upande mmoja, alikuwa fundi wa nadra. Aliwataka watazamaji wa nchi za mbali waione Afrika jinsi ilivyo, si kama Selig alivyoibuni studioni. Aliwaheshimu wapiga mikuki wa Kinandi kwa ujasiri wao, na akakubali kwamba wao walikuwa na ustadi ambao chombo chake hakikuufikia.

Upande wa pili, kazi yake ilitegemea mamlaka ya kikoloni. Wapiganaji walikodiwa kuonyesha kwa ajili ya wageni jambo ambalo kwao lilikuwa sehemu ya ulinzi wa mifugo na heshima ya rika. Mwaka wa 1984 msomi wa Marekani Donna Haraway aliandika makala yaliyosomwa sana, akidai kwamba ukumbi wa Akeley unasimulia zaidi habari za uwezo wa mzungu mwenye bunduki na kamera kuliko habari za Afrika yenyewe.

Ushahidi wa hoja hiyo tunao katika majina. Tunalijua jina la Akeley, la Roosevelt, na hata la mtengenezaji wa simba wa uongo. Wimbia Gikungu anajulikana kwa kuwa Akeley alimwandika. Lakini wapiga mikuki waliosimama mbele ya simba, ambao bila wao pasingekuwa na filamu, sanamu wala kamera, wanatajwa kwa jina la kabila tu.

Eldoret na picha zake

Leo simba hawako tena Sergoit. Uwanda umekuwa ghala la nafaka, na Eldoret ilipandishwa hadhi kuwa jiji mnamo Agosti 2024. Kamera zimeendelea kuja. Kimani Maruge aliyejiunga na darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, mwaka wa 2004 akiwa na umri wa miaka 84, alitengenezewa filamu ya The First Grader mwaka wa 2010, mwelekezi akiwa Mwingereza Justin Chadwick na mwigizaji mkuu Mkenya Oliver Litondo. Mwaka wa 2021 ilitoka Kipchoge: The Last Milestone, kuhusu Eliud Kipchoge ambaye hufanya mazoezi Kaptagat, si mbali na jiji hilo.

Kuna tofauti moja kubwa na enzi ya Akeley. Maruge na Kipchoge wanajulikana kwa majina yao. Lakini kuna mfanano pia: waelekezi wa filamu hizo mbili walitoka ng'ambo, kama alivyotoka yeye. Kenya ilianza kupata filamu ndefu za waelekezi wake kwa kuchelewa, na Kolormask ya Sao Gamba, iliyotoka mwaka wa 1986, huhesabiwa miongoni mwa za mwanzo kabisa.

Lililo muhimu sasa ni kuzirejesha picha za kale. Ukanda wa filamu bubu ulitengenezwa kwa naitreti, kitu kinachooza na kushika moto kwa urahisi, na sehemu kubwa ya filamu za enzi hiyo duniani imepotea kabisa. Zilizosalia zimo katika hifadhi za Marekani na Uingereza. Mwanafunzi wa Nandi au Uasin Gishu anayetaka kuwaona mababu zake wakitembea, wakicheza ngoma au wakishika ngao hana budi kuzitafuta ng'ambo.

Hilo si jambo lisilowezekana kubadilishwa. Mwaka wa 2006, fimbo za uongozi za Koitalel arap Samoei zilizochukuliwa siku ya kifo chake zilirejeshwa kutoka Uingereza, na leo kuna makavazi ya kumbukumbu yake Nandi Hills. Ikiwa fimbo zilirudi baada ya karne nzima, nakala za dijitali za filamu hazina kizuizi cha uzito wala cha gharama ya meli. Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka wa 1984 karibu na Eldoret, kimekuwa kikifundisha taaluma ya uhifadhi wa kumbukumbu kwa miongo kadhaa. Wataalamu wapo, na wazee wenye masimulizi ya mababu waliokodiwa kuwinda mbele ya wageni hawajamalizika wote.

Kuoanisha picha na masimulizi hayo ndiyo njia pekee ya kurudisha baadhi ya majina yaliyoachwa. Mkataa kwao ni mtumwa, wahenga walisema, na jamii isiyoweza kujiona katika picha zake yenyewe huishi kwa picha ilizochorewa na wengine.

Tarehe muhimu kwa ufupi

1864: Carl Akeley azaliwa Clarendon, New York.

1905: Koitalel arap Samoei auawa, upinzani wa Wanandi wavunjwa.

1908: Walowezi wa Kikaburu wafika Uasin Gishu.

1909: Roosevelt ashuhudia Wanandi wakimpiga simba mikuki Sergoit, Selig atoa filamu ya kubuni.

1909–1911: Akeley awinda na kujaribu kuwapiga filamu wapiga mikuki wa Kinandi.

1912: Eldoret yapewa jina rasmi.

1915: Hataza ya kamera ya Akeley yatolewa.

1921: Gorila wa mlimani wapigwa filamu kwa mara ya kwanza wakiwa porini.

1926: Uwindaji wa mikuki wanaswa Tanganyika, Akeley afariki Kongo.

1928: Filamu bubu Simba yatolewa.

1936: Ukumbi wa Akeley wafunguliwa New York.

2006: Fimbo za Koitalel zarejeshwa Kenya.